Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Tovuti ya Mashabiki wa Monkey Island, Unguja na Pemba

Maswali haya tumeyakusanya kutoka kwenye barua pepe, jumbe za simu na mazungumzo ya barazani tangu 2002. Pitia hapa kwanza kabla hujatuandikia. Jibu lako likiwa halimo, tuandikie, nasi tutaliongeza. Swali likiulizwa na watu watatu linaingia kwenye ukurasa huu. Hiyo ndiyo kanuni yetu.

## Ya mwanzo

Monkey Island ni nini?

Ni mfululizo wa gemu za kompyuta za visa na mafumbo. Kijana anayeitwa Guybrush Threepwood anashuka kwenye kisiwa cha Mêlée, huko Karibea, akitaka kuwa haramia. Hana upanga, hana chombo, hana nahodha anayemjua. Wewe unamwongoza: unazungumza na watu, unaokota vitu, unafikiri kitu gani kitumike wapi. Hakuna kushindana na saa wala haja ya vidole vyepesi. Mtu wa miaka sabini anaicheza sawa na mtoto wa skuli, na nimewaona wote wawili wakikaa mbele ya kompyuta moja.

Ya kwanza, The Secret of Monkey Island, ilitoka 1990 kwa Lucasfilm Games, studio iliyokuwa chini ya kampuni ya George Lucas. Walioiandika ni Ron Gilbert, Tim Schafer na Dave Grossman. Gilbert amesimulia kwamba wazo lilimjia kutokana na burudani ya maharamia ya Disneyland, pale ambapo watu hupandishwa mashua na kupitishwa mbele ya maharamia wa bandia. Yeye alitamani kushuka kwenye mashua akatembee humo ndani.

Ziko ngapi, na nianze na ipi?

Ziko sita. The Secret of Monkey Island (1990), Monkey Island 2: LeChuck's Revenge (1991), The Curse of Monkey Island (1997), Escape from Monkey Island (2000), Tales of Monkey Island (2009, ilitolewa na Telltale kwa sehemu 5), na Return to Monkey Island (2022), ambayo Gilbert na Grossman waliirudia kazi yao baada ya miaka zaidi ya thelathini.

Anza na ya kwanza, kisha ya pili. Baada ya hapo unaweza kuruka, isipokuwa Return: hiyo inashika pale pale ya pili ilipoachia, na mwisho wa ya pili ndio uliowafanya mashabiki wabishane miaka yote hiyo. Ukianza na Return utaufahamu mchezo, ila hutafahamu kwa nini watu wazima walitokwa na machozi.

Guybrush ni jina la wapi?

Si la popote. Mchoraji Steve Purcell alimchora kijana huyo kabla hajapewa jina, na programu ya kuchorea iliita faili za aina ile "brush". Kijana hana jina, basi faili ikaitwa kwa neno la Kiingereza "guy", yaani jamaa, likiunganishwa na hilo "brush", nalo likabaki.

Kwa nini mnaandika "Kisiwa cha Kima" na si "Kisiwa cha Nyani"?

Kwa sababu mnyama wa kwenye gemu ni mdogo, ana mkia mrefu na anapanda miti kwa wepesi. Huyo si nyani. Nyani ni yule mkubwa mwenye uso mrefu kama wa mbwa, anayetembea chini kwa kundi, na Unguja hatuna nyani wa porini. Tulio nao ni kima, na kima punju wa Jozani ambaye asili yake ni kisiwa hiki tu duniani kote. Wenzetu wa Pemba wanaye tumbili, na mmoja wao aliwahi kutuandikia kurasa mbili akitaka tuseme "Kisiwa cha Tumbili". Hoja yake ilikuwa nzuri. Tulibaki na kima kwa kuwa neno ni fupi na linaingia kwenye skrini ndogo (sababu ya ufupi imeelezwa kwenye sehemu ya Kiswahili).

## Kuipata na kuicheza

Naweza kuipakua bure hapa kwenu?

Hapana. Hatujawahi kuweka faili za gemu, hata moja, na hatutaweka. Gemu hizi bado zinauzwa kwenye maduka ya mtandaoni kama GOG na Steam, na mara kadhaa kwa mwaka bei hushuka sana. Haki ni za Lucasfilm, ambayo Disney iliinunua 2012. Studio yenyewe, iliyokuwa ikiitwa LucasArts wakati huo, ilifungwa 2013. Kufungwa kwa studio hakukufuta haki. Na sisi tunaoandika kila siku habari za maharamia tuna sababu zaidi ya kutokuwa maharamia wenyewe.

Kompyuta yangu ni ya zamani mno. Itacheza?

Karibu hakika itacheza, ukitumia ScummVM. Hii ni programu ya bure iliyoanzishwa 2001 na Ludvig Strigeus na Vincent Hamm. Gemu tatu za mwanzo zilijengwa juu ya mfumo uitwao SCUMM, ambao Ron Gilbert na Aric Wilmunder waliutengenezea gemu nyingine ya 1987, Maniac Mansion. ScummVM inausoma mfumo huo kwenye kompyuta za leo. Haina gemu ndani yake; wewe unaipa faili za gemu uliyonunua, yenyewe inaziendesha. Escape inatumia mfumo tofauti, lakini ScummVM inaiendesha pia, tangu iungane na mradi mwenzake wa ResidualVM 2020.

Tulijaribu kwenye laptopu iliyotupwa na ofisi moja, kioo kimepasuka pembeni, betri imekufa kabisa. Monkey Island 2 ilikwenda bila kukwama hata mara moja.

Na kwenye simu?

ScummVM ipo kwa simu za Android. Kidole kinafanya kazi ya mausi. Tatizo ni ukubwa wa skrini: vitu vingine ni vidogo kama punje ya mtama, na ukigusa pembeni kidogo Guybrush anaondoka zake. Tumia tableti ukiweza.

Bando langu ni dogo. Gemu zina uzito gani?

Za zamani ni nyepesi ajabu. Monkey Island 2 kwa kompyuta za Amiga ilikuja kwenye flopi 11, na kila flopi ya Amiga ilibeba kilobaiti 880. Fanya hesabu: zote pamoja hazifiki megabaiti 10. Video moja ya harusi inayozunguka kwenye simu za watu ni nzito kuliko hiyo. Matoleo yaliyochorwa upya ya 2009 na 2010 ndiyo mazito, kwa sababu yana sauti za waigizaji na picha mpya. Ukinunua hayo, pakua usiku au pakua ukiwa kwa mwenye waifai, kisha ihamishe kwa flashi.

Gemu inaniuliza sura ya haramia na mwaka. Nifanye nini?

Una nakala ya toleo la zamani kabisa. Kwenye boksi la gemu ya kwanza kulikuwa na gurudumu la karatasi: duara mbili zilizobanwa kwa pini katikati. Ukizungusha, nusu ya juu ya uso mmoja inakutana na nusu ya chini ya uso mwingine, na tundu linaonesha mwaka. Ilikuwa kinga dhidi ya wanaonakili. ScummVM na matoleo yanayouzwa leo hayakuulizi.

Kwenye kisiki msituni niliambiwa niingize diski namba 22. Nakala yangu ni mbovu?

Si mbovu. Ni utani wa watengenezaji kwa wachezaji wa enzi za flopi. Watu wengi walipiga simu kampuni wakiuliza diski hiyo iko wapi, hadi utani ukaondolewa kwenye matoleo ya baadaye. Ukiuona, una toleo la mwanzo. Litunze.

Guybrush anaweza kufa?

Kwenye ya kwanza, mara moja tu. Anasema kwamba anaweza kuziba pumzi dakika 10, na ukimwacha chini ya maji dakika 10 kamili, anakufa kweli. Ukiacha hapo, gemu haikuui na haikufungii njia. Jambo hili halikuwa la kawaida wakati ule. Gemu nyingi za visa zilikuwa zinakuua kwa kugusa kitu, au zinakuacha uendelee saa tano ilhali kitu ulichokihitaji umekipita mwanzoni na huwezi kurudi. Gilbert aliupinga waziwazi utaratibu huo tangu 1989. Kwa mchezaji wa hapa, ambaye umeme unaweza kukatika kabla hajahifadhi, hiyo ni rehema.

Zinafaa kwa watoto? Nimeona uganga na ulevi.

Swali hili linatoka kwa wazazi, na tunaliheshimu. Yapo mambo ya mizimu na uganga wa Karibea, na maharamia wanakunywa kinywaji kiitwacho grog, ambacho kwenye gemu kinayeyusha hadi vikombe vya bati. Hakuna anayesifiwa kwa kulewa. Hakuna damu ya kutisha wala mambo ya uchi. Mimi nimecheza na wanangu tangu wakiwa na miaka tisa, nikiwa nimekaa pembeni. Ushauri wangu kwa mzazi mwenzangu ni huo huo: kaa naye. Mafumbo yanafumbuliwa vizuri zaidi na watu wawili.

## Mwongozo na vidokezo

Kwa nini hamuandiki jibu moja kwa moja?

Tunaliandika, lakini liko ngazi ya tatu. Kila fumbo lina ngazi tatu. Ya kwanza inakuuliza umeangalia wapi. Ya pili inakutajia kitu au mtu anayehusika. Ya tatu inakupa jibu lote. Unabofya mwenyewe kushuka.

Mwanzoni, 2002 hadi 2005, tulikuwa na mwongozo mmoja mrefu, hatua kwa hatua. Kijana mmoja wa Wete akatuandikia kwamba ameimaliza gemu ya kwanza kwa siku moja na hakuona utamu wowote. Nikamuuliza amecheza vipi. Akasema aliuchapisha mwongozo wetu, akauweka kando, akafuata mstari kwa mstari. Barua ile iliniuma, kwa sababu ni sisi tuliomnyang'anya gemu. Tulichukua karibu mwaka kuuvunja ule mwongozo kuwa vidokezo, na ndiyo kazi ninayoionea fahari kuliko zote za tovuti hii.

Mwongozo wenu umekosea! Kwangu njia ya mifupa ni tofauti.

Haujakosea, wala wewe hujakosea. Baadhi ya majibu gemu yenyewe inayachanganya upya kila unapoanza. Wimbo wa mifupa kwenye ya pili ni mmoja wao: andika maneno ya wimbo kwenye karatasi unapoyasikia ndotoni, utayahitaji baadaye kuijua njia.

Kubwa zaidi ni Monkey Kombat ya kwenye Escape, inayowatesa watu wengi. Kuna mikao mitano ya kupigana, na ili utoke mkao mmoja kwenda mwingine unatamka milio mitatu ya kima. Milio hiyo inapangwa upya kwa kila mchezaji. Hatuwezi kukupa jibu; tunaweza kukupa jedwali tupu la kuchapisha, nalo liko kwenye ukurasa wa vidokezo. Jaza kwa penseli.

Nimekwama kwenye maporomoko ya maji ya Monkey Island 2. Nimejaribu kila kitu.

Umekwama pale ambapo nusu ya dunia ilikwama, na kosa si lako. Fumbo limejengwa juu ya mchezo wa maneno wa Kiingereza cha Marekani. Wamarekani wana spana wanayoiita kwa jina la kima. Jibu basi ni kumtumia kima kama spana na kufunga naye bomba. Hata Waingereza walilia, kwa kuwa wao spana wanaiita vingine. Gilbert mwenyewe amekiri kwamba fumbo hili halikuwa haki kwa wasio Wamarekani.

Mafundi wetu wana "spana malaya", ile inayojirekebisha ikashika nati ya saizi yoyote. Jina lina utamu wake ila kima hayumo. Kwa hiyo kwenye tafsiri yetu tumeongeza sentensi moja: mtu wa karibu na pale anamsifia kima kwamba mikono yake inashika kama spana. Ni sehemu pekee katika gemu hiyo ambayo tumeongeza neno lisilokuwepo, na tumeweka alama ili kila mtu ajue.

## Kiswahili

Tafsiri ya Kiswahili imefika wapi?

Ya kwanza imekamilika na inajaribiwa. Ya pili imefika sehemu ya tatu. Nyingine hatujazigusa. Tunachotoa ni maandishi tu, kama kiraka cha kubandika juu ya nakala yako halali. Faili za gemu hazimo (tazama jibu la kupakua bure).

Kuna neema moja ambayo watafsiri wa lugha nyingine hawana. Kiswahili kinaandikwa kwa herufi za kawaida tupu, hakina nukta za juu wala mikia. Wenzetu wengi ilibidi wachore herufi mpya, nukta moja moja. Sisi tulihitaji ritifaa ya "ng'" tu, na ilikuwemo.

Kwa nini vitufe vinasema "Toa" na si "Mpe"? Na mbona "Fungua" ina rangi yake?

Chini ya skrini kuna vitenzi. Monkey Island 2 ina tisa. Ukibofya kitenzi, kitu, halafu mtu, gemu inaviunganisha kwa mpangilio huo huo na kuandika sentensi. Kiswahili sanifu kingetaka "mpe nahodha ramani", mtu kabla ya kitu, lakini gemu inatanguliza kitu. "Toa ramani kwa nahodha" inakwenda na mpangilio wa gemu, na inaeleweka.

Kuhusu "Fungua" na "Funga": skrini nzima ni nukta 320 kwa 200. Maneno yale mawili yakiwa jirani kwa herufi ndogo, mtu anabofya moja akidhani ni jingine. Tuliwaketisha watu wanane, sita wakakosea ndani ya nusu saa ya kwanza. Tukafikiria "Ziba", ikawa haifai kwa mlango. Tukaishia kuvitenganisha, kimoja juu, kingine chini, na kukipa kimoja rangi.

"Kuku wa mpira mwenye kapi katikati": kapi ni nini?

Ni gurudumu linalopita kamba. Vijana wa mjini ndio wanaouliza; wa Nungwi na Mkokotoni hawajauliza hata siku moja. Tulipokuwa tukitafsiri nilikwenda kwa fundi wa majahazi nikamwonesha picha kwenye simu, kuku wa mpira anayening'inia kwenye waya. Aliangalia muda mrefu, akagusa skrini kwa kidole cha mwisho, akasema: "Hili kapi. Gofia lingekuwa na mbao zake pembeni." Tukaandika kapi. Majibu mengi ya msamiati wa bahari tumeyapata hivyo, kwa kuuliza mwenye chombo: foromali, demani, joshi, henza. Watengenezaji wa gemu walitumia lugha ya mabaharia wa Atlantiki, na sisi tunayo ya Bahari ya Hindi iliyo kamili. Ingekuwa aibu kuandika "kile kijiti cha tanga".

Mapigano ya upanga mmeyatafsiri vipi? Matusi ya Kizungu hayaingii Kiswahili.

Yanaingia kuliko unavyodhani. Katika gemu ya kwanza upanga haushindi kwa nguvu. Mmoja anarusha kijembe, mwenzake lazima ajibu kwa neno linalokifaa. Akikosa jibu, anarudi nyuma. Unajifunza vijembe kwa kushindwa navyo barabarani. Mtu wa visiwa hivi hahitaji kuelezwa. Ni watu wa Pemba hawa waliorithi malumbano ya washairi Kamange na Sarahani, na ni mji huu uliolea mipasho ya taarabu. Tumeyaita "mapigano ya vijembe" na kila mtu akafahamu papo hapo.

Ugumu uko kwingine. Ukifika kwa Carla, bingwa wa upanga wa kisiwa, yeye ana vijembe vyake mwenyewe ambavyo hujapata kuvisikia, na wewe una majibu yale yale uliyojifunza njiani. Kwa hiyo kila jibu lazima lichome vijembe viwili tofauti. Ukitafsiri kijembe kizuri lakini jibu lisifae upande wa pili, umevunja gemu.

Mfano. Haramia wa barabarani anakutisha kwamba atakuchoma kwa upanga wake kama nyama kwenye kijiti. Hapo tumeweka mishkaki, na anayejua Forodhani usiku anaona moshi. Jibu linamwambia aache kwanza kuupunga kama brashi ya vumbi. Kwa Carla, jibu hilo hilo linajibu kijembe kuhusu ulimi wake mkali. Kwa Kiingereza neno moja dogo linasimama badala ya upanga na badala ya ulimi. Tulihofia ngeli zetu zingetuumbua. Lakini upanga na ulimi ziko ngeli moja! "Kuupunga" inakamata zote mbili bila kubadili herufi. Siku tuliyogundua hilo nilimpigia simu mwenzangu wa Wete saa tano usiku.

Jingine ni la ng'ombe. Kijembe cha barabarani kinamfananisha mtu na mfuga ng'ombe wa maziwa. Cha Carla kinatishia kumtoa mtu damu yote tone kwa tone. Jibu la vyote viwili linamgeuza msemaji kuwa ng'ombe. Kiswahili kilituletea "kukamua": unakamua ng'ombe, unakamua damu.

The Curse of Monkey Island itakuwa mtihani mkubwa zaidi, maana huko vijembe vya baharini na majibu yake lazima yawe na vina. Tunatafuta mtu wa mashairi. Ukijiona unaweza, tuandikie beti mbili.

"Soda ya mizizi" ndiyo nini?

Ni soda ya Kimarekani isiyo na ulevi, yenye ladha ya mizizi. Wengi walitaka tuseme soda ya tangawizi ili ieleweke. Tumekataa kwa sababu mzizi una kazi yake katika gemu ya kwanza, na ukiondoa neno hilo mwisho hautashikana. Zaidi ya hapo hatusemi.

## Kutunza tovuti

Ilianza lini na nani anaitunza?

Ilianza 2002, kwenye chumba cha intaneti Mji Mkongwe, nikilipa kwa saa. Nilikuwa naandika kurasa nyumbani, natia kwenye flopi, kisha naenda kuzipandisha. Makazi ya kwanza yalikuwa GeoCities, huduma iliyowapa watu nafasi ya bure ya kuweka tovuti. Leo tuko watatu: mimi Unguja, mwalimu mmoja wa Wete, na binti aliyeanza kwa kutusahihisha tahajia.

Ilipotea lini, na mlirudi vipi?

Mara mbili. GeoCities ilifungwa Oktoba 2009. Tulijua mapema, tukahamisha. Miezi miwili baadaye, Disemba 2009, umeme wa Unguja nzima ukakatika na haukurudi hadi Machi 2010. Seva iko nje, kwa hiyo tovuti ilibaki hewani, ila sisi wenyewe hatukuweza kuigusa isipokuwa pale jirani mwenye jenereta alipotukaribisha.

Pigo la pili lilikuwa baya zaidi. Kampuni iliyotuhifadhia ilizima seva bila kutuarifu, na nakala tuliyokuwa nayo ilikuwa ya miezi saba nyuma. Kurasa nyingi tulizipata kwenye Wayback Machine, hazina ya mtandaoni inayotunza nakala za tovuti za zamani. Kitabu cha wageni hatukukipata. Kilikuwa na salamu za watu wa Tumbatu, Mombasa, Maskati, hata za mzee mmoja ambaye ameshafariki. Hilo bado linaniuma.

Sasa mnahifadhi vipi nakala?

Nakala tatu, sehemu tatu: Unguja, Wete, na nje ya nchi. Kila mwisho wa mwezi mmoja wetu anafungua nakala ya mwenzake na kusoma kurasa kumi, kwa sababu nakala isiyofunguliwa si nakala. Nakala za hapa tunaziweka kwenye boksi lisilopitisha hewa pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu. Hewa ya bahari inakula viunganishi, na sidii zetu za mwanzo ziliota ukungu.

Mbona inaonekana ya kizamani?

Kurasa zote ni faili tupu, hazina hifadhidata nyuma yake. Tulikuwa nayo, ikavamiwa, ikajaa matangazo ya dawa. Faili tupu hazina pa kuvamiwa kirahisi, zinafunguka hata kwenye mtandao dhaifu wa Micheweni, na zinanakilika kwa flashi.

Picha zenu za gemu ni ndefu kuliko za tovuti nyingine. Nani kakosea?

Zile nyingine. Gemu ni nukta 320 kwa 200, lakini vioo vya wakati ule viliinyoosha ijae skrini ya uwiano wa 4 kwa 3. Ukiiweka kama ilivyo kwenye kioo cha leo, kila mtu anakuwa mfupi na mnene na mwezi unakuwa yai. Sisi tunainyoosha kama mchoraji alivyoiona. Ukituletea picha, iache bila kuigusa, tutainyoosha wenyewe.

Mnapata pesa?

Hapana. Domeini ya mwaka haifiki nauli ya boti ya kwenda Pemba na kurudi, na seva tunachangiana. Matangazo hatuweki.

Kiungo kimekufa. Niwaambieni?

Ndiyo, tafadhali, hata kama ni kimoja. Tovuti za mashabiki zinakufa kimya kimya, na kiungo kilichokufa ndiyo taarifa ya kwanza ya msiba. Tukiwahi, tunamwandikia mwenyewe kuomba ruhusa ya kuhifadhi alichoandika.

## Mambo ya pembeni

Shikamooni. Nasoma skuli Chake Chake, nataka kuanzisha tovuti ya gemu nyingine. Nianzie wapi?

Marahaba. Anza na gemu unayoweza kuicheza mara ya kumi bila kuchoka, kwa sababu utaicheza. Andika kurasa tano nzuri kabla ya kununua domeini. Lipia domeini kwa jina lako mwenyewe au la mzazi, si la rafiki anayejua kompyuta. Tumeona tovuti mbili zikipotea kwa ugomvi. Kila mwaka cheza tena kwa kufuata vidokezo vyako neno kwa neno. Sisi hufanya hivyo, na kila mwaka tunakuta kosa.

Mkiondoka duniani, tovuti itabaki kwa nani?

Tumeliandika. Nywila na maelezo ya kuhamisha domeini yako kwenye bahasha mbili zilizofungwa, moja Unguja na moja Wete, na familia zetu zinajua. Binti niliyemtaja ndiye atakayeshika, na ameshahamisha tovuti nzima peke yake mara moja kwa majaribio, nikiwa nimekaa kimya pembeni.

Nina gurudumu la karatasi na flopi za zamani za marehemu baba. Mnazitaka?

Ni zako, zibaki kwako. Tunachoomba ni nafasi ya kuzinakili kwa picha. Gurudumu usilipige laminesheni na usiling'oe pini ya katikati. Liskani pande zote mbili kwa nukta 600 kwa inchi, kisha lizungushe kidogo kidogo na kuskani tena. Flopi zikiwa na ukungu, usiziingize kwenye mashine hata kwa kujaribu: ukungu unakwangua sumaku, na kichwa cha mashine kinauhamishia kwenye flopi inayofuata. Zifunge kwenye kitambaa kikavu, zilete kama zilivyo, Unguja au Wete. Utakaa nasi tukizisafisha.